Nusu ya daftari hili si yangu

Mawasiliano ya redio ya ridhaa hayakamiliki pale mnapoagana kwa 73, kwaheri yetu ya redio. Hukamilika pale vituo viwili vinapokuwa vimeandika jambo moja: ishara ya mwenzako, yaani herufi na tarakimu zinazotambulisha kituo chake, tarehe, saa, bendi, na kama mliongea kwa sauti, kwa Morse au kwa dijitali. Ukiandika vibaya, au usipoandika kabisa, mwenzako aliye ng'ambo hubaki na kitu kisichosimama. Kwa miaka niliyokaa mbele ya kompyuta hapa nyumbani Tudor, Mombasa, hili ndilo lililonielekeza katika kila nifanyacho na programu ya daftari.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Ishara za vituo vya ridhaa vya Kenya kwa kawaida huanza na 5Z, na tunaosikika hewani ni wachache. Orodha ya DXCC, inayotunzwa na chama cha ARRL cha Marekani, ina nchi na maeneo 340, na anayetaka cheti cha kwanza lazima athibitishe 100. Basi mtu wa Osaka au wa Krakow anayenipata jioni moja kwenye bendi ya mita 15, huenda mimi ndiye Kenya yake ya kwanza. Daftari langu likiwa na saa isiyo sawa, Kenya yake imepotea, na hana pa kwenda kuidai.

Nianze na saa, maana ndiyo iliyowasumbua wengi ninaowajua hapa Pwani. Mdomoni tunasema saa tatu usiku. Simu inaonyesha 21:00. Daftari linataka 18:00, kwa kuwa watu wa redio ulimwenguni kote huandika kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Tarehe nayo ina mambo yake. Siku ya daftari hubadilika saa tisa usiku kwa saa yetu, wakati Mji wa Kale wote umelala. Ukiongea na Brazil saa saba ya usiku wa kuamkia Jumamosi, daftarini hiyo ni Ijumaa, 22:00.

Programu yenyewe inajua hesabu hii, mradi isivurugwe. Acha Windows katika ukanda wa saa wa Nairobi, hakikisha saa iliyo pembeni ya skrini ni saa ya kweli ya hapa, kisha iache programu itoe tatu yenyewe. Mwenzetu mmoja wa Kisauni aliona UTC inatakiwa, akairudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa tatu kwa mkono, na ukanda akauacha ule ule. Programu ikatoa tatu nyingine juu ya zile. Alikuwa akipeleka mawasiliano yake kwenye Logbook of The World, ule mfumo wa ARRL wa kuthibitishana kwa intaneti bila kadi za posta, na hakuna hata moja lililokubaliana na la mwenzake. Mfumo ule unavumilia tofauti ya dakika 30 kati ya madaftari mawili. Yeye alikuwa nje kwa saa tatu. Tulikaa kwake jioni moja, tukatoa nakala ya daftari zima kwanza, kisha tukayasogeza mawasiliano yote kwa pamoja na kuyapeleka upya. Siku chache baadaye uthibitisho ukaanza kumiminika kutoka Ulaya. Watu wale walikuwa wakimngoja muda wote huo.

Wanaotumia FT8 wana sababu ya pili ya kuichunga saa. Namna hii ya dijitali, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hutuma kwa vipindi vya sekunde 15, na kompyuta zote mbili lazima zianze pamoja. Taylor ndiye yule mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Katika programu yake ya WSJT-X kuna safu iitwayo DT inayoonyesha kila kituo kiko mbele au nyuma kwa sekunde ngapi. Mmoja akiwa nje, tatizo ni lake. Wote wakionyesha 1.2 au karibu na hapo, saa iliyokosea ni yako. Intaneti ikikatika kwa muda mrefu, kifaa kidogo cha GPS cha kuchomeka kwenye USB huishika saa barabara, kwa sababu setilaiti hazingojei bando.

Ami yangu ndiye aliyenitia adabu ya daftari kabla sijawa na kompyuta. Alikuwa ofisa wa redio melini enzi za Morse, akishuka Kilindini na sanduku lake na kuzungumza kwa ufupi kama mtu anayelipia kila neno. Chumba cha redio cha meli kilikuwa na saa ya ukutani yenye vipande vyekundu viwili, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18 na kuanzia ya 45 hadi ya 48. Katika dakika hizo kila meli ilinyamaza kwenye kilohezi 500 na kutega sikio, huenda kuna mtu dhaifu anaomba msaada. Na ofisa aliandika daftarini kwamba amesikiliza, hata kama hakusikia lolote. Hilo halikuwa pambo. Meli ikizama, daftari lilisomwa mbele ya mahakimu. Mfumo mpya wa usalama wa meli, GMDSS, ulipokamilika tarehe 1 Februari 1999, kazi ya Morse melini ikawa imekwisha, lakini Ami hakuiacha tabia ile. Kwenye kituo chake cha ridhaa nyumbani aliandika hata alipoita na asijibiwe.

Nilipomwambia nataka kuyaingiza madaftari yake ya karatasi kwenye kompyuta, alinitazama kwa muda.

"Utayaingiza yote?"

"Yote, Ami. Inshallah."

"Basi usinisahihishie. Nilichoandika ndicho nilichosikia."

Kazi ile ilinifundisha kuhusu programu za daftari kuliko kitu kingine chochote. Kwanza, programu nyingi zimetengenezwa kwa anayeongea sasa hivi. Ukiandika ishara, zinajaza saa ya sasa na masafa ya sasa. Kwa daftari la mwaka 1986 hilo ni balaa, maana kila mstari unazaliwa na tarehe ya leo, nawe unabaki kuufuta. Nilijaribu njia kadhaa, na iliyonifaa ni programu ndogo iitwayo Fast Log Entry. Unaandika tarehe mara moja, bendi mara moja, kisha mstari kwa mstari saa na ishara. Saa isipobadilika unaandika tarakimu za dakika zilizobadilika tu. Mtu anakusomea, wewe unachapa. Ami alikuwa akinisomea kwa alfabeti ya redio, Kilo, Lima, Mike, na mke wake akipita na kahawa alikuwa ameshaizoea lugha hiyo kama dua.

Pili, dunia ya madaftari yale si dunia ya leo. Alikuwa na mawasiliano ya Y2, Ujerumani Mashariki, nchi iliyofutika kwenye orodha ilipoungana na wenzake tarehe 3 Oktoba 1990. Alikuwa na UB5 za Ukraine na UL7 za Kazakhstan zilipokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti. Programu hutambua nchi kwa kusoma herufi za mwanzo za ishara na kuzilinganisha na faili la nchi. Kama faili hilo linajua leo tu, ishara za zamani zitapachikwa mahali pasipo pake, au zitaachwa bila nchi. Faili la Club Log, tovuti ya madaftari ya redio, linaangalia na tarehe, na Log4OM, programu ya daftari ninayoitumia, huchota humo. Tulipomaliza daftari la kwanza nikafungua orodha ya nchi, na Ujerumani Mashariki ikawa imesimama mahali pake, imeandikwa kuwa imefutwa, na mawasiliano ya Ami yamo ndani. Aliisoma safu ile kimya, kisha akanihadithia bandari ya Rostock ilivyokuwa baridi.

Jambo la tatu lilikuwa saa tena. Madaftari mengi yalikuwa kwa GMT, ambayo daftarini ni sawa na UTC, kama alivyozoea melini. Moja, la wakati alipokuwa likizo ndefu nyumbani, lilikuwa kwa saa ya Afrika Mashariki, na juu ya ukurasa ameandika EAT kwa kalamu nyekundu. Hapo nilitaka kubadilisha huku nikichapa. Ami akakataa, na alikuwa na haki. Tulilichapa kama lilivyo, tukalihifadhi kama faili la peke yake, kisha tukatengeneza nakala iliyosogezwa saa tatu nyuma na kuipa jina lake. Faili la asili lipo hadi leo, halijaguswa. Yeyote atakayekuja na shaka ataona tulichokuta na tulichofanya.

Kuhusu programu gani ni bora, sitakaa sana. Mimi daftari la kila siku ni Log4OM. Mashindano natumia N1MM Logger+, ambayo mikono ikishaizoea hutahitaji kipanya. FT8 ni WSJT-X. Zote ni za bure na zote ni za Windows, ingawa WSJT-X iko kwa Linux pia, na wenye Linux wana CQRLOG. Chenye thamani zaidi ya programu yoyote kati ya hizo ni ADIF, muundo wa faili uliobuniwa mwaka 1996 ili madaftari yaweze kuhama. Ni maandishi matupu: jina la sehemu, idadi ya herufi, kisha neno lenyewe. Unaweza kulifungua kwa Notepad na kulisoma kwa macho. Programu yoyote isiyotoa ADIF nzima sikushauri uikabidhi daftari lako, hata iwe nzuri namna gani kwa sura. Cabrillo ni muundo mwingine. Huo ni wa kupeleka matokeo ya mashindano, na hautunzi majina wala maelezo, kwa hiyo usiufanye ndio akiba yako.

Sasa waya. Redio za siku hizi huunganishwa na kompyuta kwa USB, na programu inasoma masafa moja kwa moja. Ukigeuza kutoka mita 20 kwenda mita 15, daftari linageuka nawe. Ni raha, mpaka muunganisho ukatike usijue. Baadhi ya programu hubaki na masafa ya mwisho ziliyoyasoma, na mawasiliano ya mita 15 yanaandikwa mita 20, na mwenzako hapati kitu, kwa maana bendi ni sehemu ya ushahidi. Hapa Mombasa hatari hiyo ni kubwa kuliko bara. Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya nyumba, na viungio vya waya vinaota ukungu wa kijani. Nimejizoesha jambo moja: kila ninapobadilisha bendi, jicho linakwenda kwenye skrini kabla ya kidole kwenda kwenye kitufe cha kutuma. Na viungio vyote navisafisha kabla ya msimu wa kusi na baada yake.

Kuna msaada mwingine wa programu ambao mimi naupokea kwa tahadhari. Ukiandika herufi tatu za ishara, N1MM inakuonyesha ishara zinazojulikana zenye herufi hizo. Imefanywa kwa nia njema. Lakini kituo cha Kenya kikiita, wanajibu watu kwa makumi, wote kwa mara moja, na unachokipata katika msongamano ule ni vipande. Skrini inakupa jina kamili, sikio limekupa nusu, na mkono unataka kumaliza. Hapo ndipo nakumbuka neno la Ami. Ninamwita kwa kile nilichokisikia, yeye arudie, na siandiki mpaka ishara nzima imefika sikioni. Inachelewesha. Walio kwenye foleni wanavumilia, maana kila mmoja anajua zamu yake ikifika ataandikwa sawasawa.

Vivyo hivyo na majina. Programu inaweza kuchota jina la mtu kutoka intaneti kabla hajajitaja. Mara nyingi mtu anayejulikana huko kwa jina refu la karatasi, hewani anajiita kwa jina fupi la nyumbani. Mimi naandika alilojitambulisha nalo. Akirudi baada ya mwaka na nikamwita kwa jina hilo, unasikia sauti yake ikibadilika. Na ile sehemu ya maelezo, ambayo wengi huiacha tupu, mimi naijaza. Kwamba anafuga nyuki. Kwamba mkewe alikuwa hospitalini. Kwamba aliwahi kutia nanga Kilindini akiwa kijana na anakumbuka harufu ya karafuu. Programu hunitolea maelezo hayo mara tu ishara yake inapoandikwa, nami naweza kumuuliza mkewe anaendeleaje. Kwangu hii ndiyo kazi njema kuliko zote ambazo kompyuta imeifanyia redio.

Akiba. Stima hapa hupotea bila hodi, na daftari la kompyuta linaweza kuharibika likikatwa katikati ya kuandika. UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta, inatosha kukupa dakika za kufunga programu kwa heshima. Zaidi ya hapo, Log4OM naiamuru itoe nakala kila ninapoifunga. Mwisho wa kila wiki natoa ADIF nzima, moja kwenye flashi, moja kwenye hifadhi ya intaneti, na moja kwa dada yangu Mtwapa, ambaye haulizi ni ya nini. Nakala isiyojaribiwa siihesabu kuwa nakala. Mara kwa mara nalifungua faili la akiba katika programu nyingine kabisa na kulinganisha idadi ya mawasiliano na ile ya daftari lenyewe. WSJT-X nayo huweka faili lake, wsjtx_log.adi, lililo mbali na daftari kuu. Usilifute. Limewahi kumrudishia rafiki yangu jioni nzima ambayo daftari kuu halikuipokea.

Kujiunga na Logbook of The World kunahitaji subira kwa sisi tulio nje ya Marekani, kwa sababu wanataka nakala ya leseni ya redio na kitambulisho kingine. Mimi naona ni sawa, ndiyo maana uthibitisho wao unaaminika. Wakikubali, unapata cheti cha dijitali kinachotumiwa na programu ya TQSL kutia saini kila mawasiliano. Kina mambo mawili ya kuangalia. Unapoomba unaulizwa tarehe ya mawasiliano yako ya kwanza kwa ishara hiyo, na yaliyo kabla ya tarehe hiyo hayatapokelewa, kwa hiyo mwenye madaftari ya zamani aandike ya zamani kweli. La pili, mahali. Watu wa redio huigawa ramani ya dunia katika miraba yenye majina, na nyumbani kwangu mraba ni KI95. Nikibeba redio hadi Kilifi mjini ni KI96, na Malindi, kwa kuwa imevuka longitudo ya 40, ni LI06. Wapo wanaokusanya miraba kama wengine wanavyokusanya nchi, na Malindi kwao ni kitu kingine kabisa. Natengeneza mahali papya katika TQSL kabla ya kupakia gari, nikiwa na utulivu wa nyumbani.

Ami naye alipata cheti kwa ishara yake mwenyewe, na tarehe ya kwanza tuliichukua juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kwanza. Tulipopakia, watu walianza kuandika. Mmoja wao, wa Japani, alisema waliongea mwaka 1986 kwa Morse kwenye mita 15, na kwamba kadi yake haikuwahi kufika. Tulilifungua daftari. Siku ile ipo, bendi ipo, dakika zinakaribiana na zake. Lakini ukurasa uliwahi kulowa, na ishara imebaki JA1 tu, zilizobaki wino umekwenda.

"Ni yeye, Ami," nikasema. "Nani mwingine?"

"Huenda. Mimi ninachokiona ni JA1."

Alikataa kuthibitisha. Akanitaka nimwandikie yule bwana ukweli ulivyo, nimpelekee picha ya ukurasa, na nimwombe miadi. Jibu lilikuja siku ya pili, lenye shukrani na pendekezo la saa: 11:00 UTC, megahezi 21, Morse kama zamani. Kwetu ilikuwa saa nane mchana. Ami aliketi kwenye kiti changu na ufunguo wake wa Morse aliotoka nao melini, nami nikashika kibodi. Alimsikia mara ya kwanza alipoita. Walikwenda polepole, wazee wawili, na nilichapa kila neno kwenye sehemu ya maelezo mpaka nafasi ikajaa. Kabla chai ya jioni haijamiminwa uthibitisho ulikuwa umerudi. Ule wa 1986 tumeuacha daftarini kama ulivyo, JA1 na nafasi tupu, na sasa tunaendelea na daftari la 1987.